Babu wa Kimalta hatafutwi kwa jina la ukoo, anza na parokia

Tangu Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iamue tarehe 29 Aprili 2025 kwamba Malta haina ruhusa ya kuuza uraia kwa wawekezaji, dawati letu la nasaba halipumui kwa simu, na karibu wote mnauliza kitu kimoja, eti uraia wa ukoo nao umefungwa? Haujafungwa jamani. Hukumu ile inawahusu wanaolipia, haimgusi mtu ambaye babu yake alizaliwa Sliema, mji wa huko Malta. Tumeshalisema hili sana. Twende kwenye shida yenyewe, maana wengi mnaotuandikia toka Uingereza, Kanada na Australia, mume ana damu ya Kimalta au watoto wanaulizia kwao, mnakwama palepale.

Mnakwama kwa sababu mnaanza na jina la ukoo. Borg, Camilleri, Vella, Farrugia, Zammit, hayo yamejaa kisiwa kizima, na majina ya kwanza yanarudiwa kizazi hadi kizazi, kwa hiyo ukimtafuta Giuseppe Borg utawapata wa kumwaga. Halafu mtu huyohuyo padri kamwandika Josephus kwa Kilatini, karani kaandika Giuseppe kwa Kitaliano, nyumbani wanamwita Ġużeppi, akifika Melbourne keshakuwa Joe. Sio watu wanne hao, ni mmoja. Kinachomtofautisha na wenzake ni parokia yake na jina la mama yake, hayo mawili ukiwa huna usilipie mtu akutafutie chochote.

Rejista za ndoa ndio uzianze. Kawaida harusi ilifungwa parokia ya bibi harusi, kwa hiyo kama kijiji cha bwana harusi hakina kitu hamia kwa mke. Maandishi yenyewe ni mistari michache tu ya Kilatini lakini mna jina la bwana harusi, baba yake na mama yake, upande wa bibi harusi vivyo hivyo, kisha mashahidi, na ukiona quondam mbele ya jina la baba ujue huyo mzee alikuwa keshafariki siku ya harusi. Ukurasa mmoja unakupandisha kizazi kizima pande zote mbili. Ubatizo utafuata baadaye.

Usajili wa serikali ulianza 1863, kuanzia hapo omba cheti kupitia Public Registry, yaani ofisi ya usajili ya Malta, na tafadhali omba cheti kamili, ile nakala fupi itakurudisha foleni upya.

Jambo lingine linalotuchosha ni watu kuhangaika na faili za babu kupewa uraia huko Australia au Kanada, halafu wasipoziona wanasema zimepotea. Hazikupotea, nyingi hazikuwahi kuwepo! Malta ilikuwa koloni la Mwingereza mpaka 1964, Mmalta alikuwa raia wa himaya tayari, aombe uraia wa nini? Marekani ndio tofauti, huko aliomba kama mgeni mwingine yeyote. Kwingine tafuta orodha za abiria wa meli, au kama alikuwa baharia tafuta faili za jeshi la majini la Uingereza, zinaandika mahali alipozaliwa.

Sasa utaratibu wa uraia. Tangu tarehe 1 Agosti 2007 sheria inataka uonyeshe unatokana moja kwa moja na mtu aliyezaliwa Malta, na mzazi wake mmoja naye awe kazaliwa Malta. Hapo kwenye mzazi ndipo wengi wanaanguka, wanaleta cheti cha babu peke yake. Kila kizazi kiwe na cheti cha kuzaliwa na cha ndoa, toka mzazi wa babu mpaka kwako, bila kuruka hata mmoja. Na kama mzazi wako wa upande huo yu hai, naye lazima aombe, huwezi kumpita juu. Ukitoa maelezo ya uongo au ukificha jambo la maana, uraia unaweza kunyang'anywa hata baada ya kupewa, kwa hiyo tarehe zikigongana zieleze kwenye barua, usizifute wala kuzirekebisha mwenyewe.

Wasiotaka pasipoti, wanaotaka kumjua tu, hao nawasihi wasiishie kanisani. Ghala la kumbukumbu za manotari, wale walioandika na kuthibitisha mikataba, pale mji mkuu Valletta lina majuzuu zaidi ya 20,000, na humo kuna mikataba ya mahari inayotaja kitu kimoja kimoja alichotoka nacho binti kwao, kitanda, mashuka, dhahabu, wakati mwingine kipande cha shamba. Kwa wenye asili ya Gozo, kisiwa cha pili cha Malta, mjue mwaka 1551 meli za Waturuki zilibeba karibu wakazi wote wa kisiwa utumwani, watu kama 5,000, hivyo kurudi nyuma ya hapo ni kugumu sana. Mwandiko wa manotari ni mgumu na unahitaji mtu aliyezoea Kilatini na Kitaliano cha zamani, usijisomee kwa kubahatisha, tuletee picha ya ukurasa iliyopigwa kwenye mwanga mzuri tukusomee.