Kodi ya ABS Haisemi Spea Gani Ununue

Wiki iliyopita mama mmoja, mwalimu, aliniletea gari lake likiwa na taa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge) inayowaka. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mfuko wenye sensa mbili za kusoma kasi ya gurudumu, zote za la mbele kulia. Ya kwanza aliambiwa anunue kwa sababu mashine ya gereji alikotoka ilionyesha kodi, yaani namba ya hitilafu, C0200. Ilipofungwa na taa ikagoma kuzima, akaambiwa ni feki, akanunua nyingine. "Fundi, ya tatu sinunui mpaka nijue tatizo ni nini," akasema. Alikuwa na haki kabisa.

Kwenye magari mengi ya Toyota, C0200 inahusu ishara ya kasi kutoka gurudumu la mbele kulia. C0205 ni la mbele kushoto, C0210 la nyuma kulia, C0215 la nyuma kushoto. Tulishike hilo neno ishara. Kompyuta ya ABS inalalamika kwamba haipati habari kutoka pembe ile ya gari, basi. Habari hiyo inaweza kupotelea kwenye sensa yenyewe, kwenye waya uliochoka pale karibu na shokapu unapojikunja kila ukikata kona, kwenye soketi iliyoingia maji, au kwenye kile kitu ambacho sensa inakisoma. Fundi anayesoma kodi na kumtuma mteja dukani hapo hapo anabahatisha kwa pesa za mwenzake, na jambo hili linaniuma.

Mimi kabla ya kushika spana huuliza: taa inawaka lini? Ukifungua swichi, taa ya ABS inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime. Kwa yule mama nilifuta kodi, nikawasha gari upya. Taa ikazima vizuri. Tukatoka getini, na kabla hatujafika barabara ya lami ikawaka. Hapo nikaanza kupata picha. Waya ukiwa umekatika, kompyuta kwa kawaida huugundua gari likiwa bado limesimama. Taa inayosubiri magurudumu yazunguke inakuambia mara nyingi kwamba umeme unafika, ila hakuna kinachosomwa.

Nikachomeka mashine inayoingia kwenye ABS (vile vidude vya bei rahisi vingi huishia kwenye injini), nikamwomba kijana wangu aendeshe taratibu huku nikitazama kasi za magurudumu manne. Matatu yalikuwa yanacheza kwenye kilomita 20 kwa saa. La mbele kulia: 0. Tukafika 30, bado 0.

Sasa twende kwenye mita ya kupimia umeme. Sensa za zamani hutengeneza umeme zenyewe, na ukizipima nyingi husoma kati ya omu 800 na 2,000. Za kisasa zina saketi ndani, hupewa umeme na kompyuta, kwa hiyo kuzipima omu hakukuambii kitu na kunaweza kuziua. Gari hili lina za kisasa. Nikachomoa soketi, nikafungua swichi, nikapima upande wa waya: karibu volti 12. Nikatikisa waya kuanzia soketini hadi unapoingia kwenye bodi, namba haikuyumba. Waya mzima. Na sensa tatu, ile ya asili na hizi mbili mpya, haziwezi kufa kifo kimoja.

Ndipo nikamuuliza swali ambalo lingetangulia kuulizwa, hata mimi nilichelewa: kabla taa haijaanza kuwaka, gari lilifanyiwa nini? "Lilibadilishwa beringi. Lilikuwa linavuma."

Beringi za aina hii hazina meno ya chuma ya kuonekana. Upande mmoja sili yake imebeba pete nyembamba ya sumaku, kaskazini na kusini zikipishana kuzunguka duara lote, na hiyo ndiyo sensa inasoma. Kwa macho pande zote mbili ni nyeusi, zinafanana. Nikashusha habu (kitovu cha gurudumu), nikatoa beringi, nikakigusisha kipini cha karatasi upande uliokuwa unatazama sensa. Kikaanguka. Nikageuza beringi, nikakigusisha upande wa pili. Kikanata. Beringi ilishindiliwa kwa presi ikiwa kinyume. Gurudumu linazunguka vizuri, halivumi, ila sumaku inatazama nje, kwa tairi, na sensa inatazama mpira mtupu.

Hali nyingine ya kujua ni pedali kutetemeka na kunguruma ukikaribia kusimama kwenye lami kavu, bila taa yoyote. Mara nyingi hapo ishara ipo ila ni dhaifu: kutu chini ya pete, pete iliyopasuka, au unga wa chuma wa breki ulionata kwenye sensa. Na taa ya ABS ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, usiendelee na safari. Simama, angalia mafuta ya breki kwanza.

Beringi iliyotolewa kwa presi hairudishwi, kwa hiyo mama alinunua mpya, nami nikarudisha sensa yake ya asili. Jioni tulikwenda kwenye uwanja uliolowa mvua, nikafika 40 nikakanyaga breki yote. Pedali ikapiga mguu, dalili kwamba ABS inafanya kazi. Tulipogeuka kutazama kwenye tope, alama za tairi zilikuwa za vipande vipande, pande zote mbili.