Mvua si adui mkubwa wa baiskeli ya umeme

Masika yakiingia, Unguja utasikia neno lile lile: baiskeli ya umeme ikinyeshewa, basi, imekufa. Kwa hiyo watu huifunga gubigubi kwa nailoni na kuiacha uani. Hapo ndipo wanapoiharibu.

Nyingi zimetengenezwa kuhimili matone. Alama ya IPX4 ina maana kifaa kimejaribiwa kwa maji yanayorushwa kutoka kila upande. Haimaanishi kuzamishwa, wala kupigwa mashine ya presha kule tunakooshea magari, maana presha husukuma maji yakapita mipira inayoziba mota.

Balaa hasa ni bahari. Anayeendesha kwenye mchanga wa Paje au Jambiani maji yakitoka, hata asipolowa, hurudi na chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na maji yake hupitisha umeme vizuri. Pini za plagi huota ukijani polepole, hata kiangazi bila tone la mvua. Ndani ya nailoni ni vibaya zaidi: mchana unyevu hugeuka mvuke, usiku hugeuka matone, na hauna pa kutokea.

Ukirudi, futa kwa kitambaa kilicholowa maji ya mfereji, kisha kikavu. Chomoa betri uiweke ndani, na usichaji mpaka pini zikauke. Kifuniko cha tundu la chaji (wengi wetu tunakiacha kikining'inia) kibane. Turubai, ukilitumia, liache wazi chini. Na dimbwi linalofika katikati ya gurudumu, lizunguke.