Stoo Huanza Kufa Miguuni

Stoo ya kwanza niliyojenga ilikuwa ya mama, nyuma ya jikoni, hapa Kakamega. Nguzo za mkaratusi nilizipaka oili chafu, nikazifukia futi 2. Mwaka wa tatu niliegemea nguzo ya pembeni, ikavunjika kama bua la mahindi. Nje rangi haikuwa imebabuka hata kidogo. Ndani mchwa walikuwa wameacha udongo mtupu. Magunia mawili ya mahindi yalikuwa yameshaliwa kutoka chini.

Tangu siku hiyo sifukii mbao ardhini. Watu huniuliza geji ya mabati, yaani unene wake, nami huwauliza kwanza: nguzo zitasimama juu ya nini?

Chukua stoo ya futi 8 kwa 6. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu ukivuta tepu kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, ni lazima isome futi 10 kamili. Ikikataa, sogeza vigingi kabla hujashika jembe.

Chimba mashimo 6, matatu kila upande mrefu, futi 2 kwenda chini. Zege ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Litokeze inchi 8 juu ya ardhi, na likiwa bado bichi uchomeke chuma bapa kitakachoshika nguzo. Limwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Walio Kano, kule Kisumu, wachimbe zaidi: ule udongo mweusi huvimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, kwa hiyo upite mpaka ufikie udongo mgumu.

Sasa kofia ya kila zege, itakayokaa chini ya nguzo. Kata kipande cha bati bapa kinachozidi zege kwa inchi 2 kila upande, ukunje ukingo uelekee chini. Toboa katikati chuma kipite, kisha ziba tundu kwa lami. Kofia haiui mchwa. Mchwa hawa, ambao kumbikumbi wao tunawangoja kwa hamu mvua ikianza, hupanda wakijificha ndani ya kijia cha udongo. Wakifika kwenye kofia, inawabidi wakizungushe kijia hicho nje ya ukingo, na hapo utakiona.

Nguzo za mbele ziwe futi 7 na nusu, za nyuma 6 na nusu. Bati la mita 2.5 litatosha bila kukatwa, likibakiza kama futi 1 mbele na nyuma. Usiipunguze. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na maji ya paa yakianguka karibu hurusha tope ukutani. Msumari wenye raba upige kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni.

Stoo ya sasa ya mama ina miaka 11. Akifagia uani, hupitisha ufagio chini ya kofia zote sita. Mwezi uliopita alikuta kijia kimoja, udongo wake bado mbichi, akakibomoa kwa kijiti.