Ridhaa: neno la sheria linapofika kwenye skrini

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahususi, itolewe baada ya mtu kuelezwa, na ionekane kwa tendo la wazi. Anayejua sheria na usanifu wa programu kwa pamoja huona kwamba kila sharti hapo lina mahali pake kwenye skrini.

Tendo la wazi ndilo jepesi: kisanduku kilichotiwa tiki kabla mtu hajagusa simu hakihesabiki. Hiari ndiyo hutoa jasho. Kifungu cha 32 kinataka itazamwe iwapo huduma imefungwa kwa data isiyohitajika. Chukua programu ya mikopo inayodai orodha ya nambari zote simuni. Kutoa mkopo hakuhitaji nambari ya fundi wako wa mabomba, na fundi mwenyewe hakuulizwa na mtu. Zawadi nayo huitia hiari shaka: mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC, jumba la mikutano jijini Nairobi, wapigwe picha za mboni kwa ahadi ya tokeni za Worldcoin, yaani sarafu ya kidijitali. Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe.

Kuelezwa nako kuna kipimo. Kwa mwenye kabambe, yaani simu ya vitufe isiyo janja, ujumbe mmoja wa USSD (menyu za kupiga nyota na reli) hubeba herufi 182 tu. Sera ya faragha ya wakili haiingii humo hata ukiikunja. Jaribu hivi:

"Tunaomba kusoma rekodi zako za miamala ya miezi 6 ili kupima mkopo. Hatutazitoa kwa wengine. Ukikataa, bado unaweza kuweka akiba. 1. Nakubali 2. Nakataa 3. Eleza zaidi"

Ni herufi 167, nafasi zikihesabiwa. Ujumbe ukizidi, sentensi ya akiba ndiyo hukatwa kwanza, ilhali ndiyo inayobeba hiari. (Bila shaka iwe kweli: akikataa, menyu ya akiba ifunguke.) Na mawasiliano ya USSD yakikatika kabla hajajibu, mhesabu kuwa hajakubali.

Kwenye simu janja mitego ni mingine. "Nakubali" huwa kijani kibichi, "Nakataa" kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe, uwiano wa mwangaza wa takriban 2.8 kwa 1, wakati kiwango cha chini cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Asiyeona anayetumia TalkBack, kisoma-skrini cha Android, naye hukuta kitufe kisicho na jina. Ukimwekea tiki ya kukubali katika hali hiyo, umekusanya mguso, si ridhaa.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayekusanya data. Hifadhi saa, njia, lugha na toleo la maneno aliyosoma mteja. Hifadhidata ikiwa na "1" pekee, huku maneno yenyewe yakiwa yamebadilishwa mara tatu tangu hapo, hakuna ajuaye mteja alikubali nini.

Mteja anaweza pia kuondoa ridhaa wakati wowote. Kama alikubali kwa kubonyeza 1, asitakiwe kupanda matatu hadi ofisini Upper Hill, Nairobi, kujaza fomu. Yaliyofanyika kabla hayabatiliki, ila kuanzia hapo mfumo usiguse data yake. Ipime kwa laini ya majaribio: jiondoe leo jioni, kesho asubuhi ufungue kumbukumbu za mfumo uone kama programu inayojiendesha usiku imesoma rekodi zako.