Mvua ya Lamu na Bustani Zetu: Yasemwayo na Yalivyo

"Lamu hakuna mvua ya kuvuna." Neno hili huzunguka barazani kila mwezi wa tatu, visima vikiwa vimeshuka na mbingu haina hata wingu. Hata hivyo kisiwa hupata takriban milimita 900 kwa mwaka, nyingi zikimwagika kati ya Aprili na Juni. Piga hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 60 za mraba, likipata mvua ya milimita 25, linateremsha lita 1,500. Toa moja ya tano kwa yanayoruka nje ya gata na kukauka, unabaki na 1,200. Hiyo ni mitungi 60 ya lita 20, na punda hajatoka zizini. Waliojenga majabia visiwani, zile sakafu pana zilizopigwa chokaa ili mvua iteremkie birikani (birika kwetu ni hodhi la maji), hawakuwa wakingoja muujiza.

"Mchanga wetu unameza maji, yakishaingia yamepotea." Hapa pana nusu ya ukweli. Mchanga hauyashiki maji, na mizizi ya mrehani haiendi mbali kuyafuata. Lakini yanakwenda wapi? Chini yetu maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi, na kinachoyajaza ni mvua hiyo hiyo. Vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha kisiwani humu, ndivyo vinavyounywesha mji kwa njia hii. Tukichota kuliko mvua inavyorudisha, chumvi inapanda kisimani. Kwa hiyo anayesakafu kiwanda chote cha nyumba kwa saruji (wasomaji wa bara, kiwanda kwetu ni ua wa ndani, si pa kutengenezea sabuni) anadhani ameleta usafi, kumbe ameipeleka mvua yake kwenye mtaro wa kichochoroni na kutoka hapo baharini. Acha walau kona moja ya udongo. Changanya mchanga wake na mboji na samadi ya punda, bidhaa ambayo Lamu haijapata kuikosa, kisha ufunike kwa makumbi ya nazi ili jua lisiyafikie maji. Ila usichimbe shimo la kunyonya maji ubavuni mwa ukuta wa mawe ya matumbawe, wala karibu na shimo la choo.

"Maji ya kisima yenye chumvi kidogo ni mbolea." Hili nimechoka nalo. Kila unapomwagia, maji yanakauka na chumvi inabaki, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka kingo za majani zinaungua na mwenye mti anasema amerogwa. Mnazi utastahimili. Mdimu hautastahimili, na maharagwe ndiyo kabisa. Dawa yake ni mvua, kwa sababu maji yasiyo na chumvi yakipita kwa wingi huisukuma chumvi chini ya mizizi. Ndiyo maana mimi siafiki kugawa maji ya tangi sawasawa kwa kila mmea. Mnazi upe ya kisima, ya mvua yaweke kwa mdimu, asumini na vyungu vyote, maana chungu hukusanya chumvi haraka kuliko ardhi.

"Tangi la mvua linazaa mbu." Linazaa likiachwa wazi. Mwaka 2004 chikungunya iliushika mji wa Lamu, na wakati ule haikuwa mvua iliyozidi, ulikuwa ukame. Mbu wa ugonjwa huo, anayeuma mchana, hupenda maji yaliyowekwa nyumbani bila kufunikwa. Mayai yake hushikamana na ubavu wa chombo na kuvumilia ukavu kwa miezi, hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, sugua ubavu. Funika tangi kwa wavu wa matundu madogo, hata mdomo wa bomba la kufurika. Wazee walikuwa na njia yao: visamaki ndani ya birika la msalani wakila viluwiluwi, na bakuli la kaure limezamishwa chini ili maji yakipungua samaki wapate pa kujificha. Watalii hulipiga picha bakuli wakidhani ni pambo.

"Paa la makuti halifai." Kwa kunywa, kweli, maji hutoka na rangi ya chai. Kwa migomba na mipapai hayana neno, mradi uyachuje takataka. Hata kwenye mabati, mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, imeosha vumbi na vinyesi vya kunguru.

"Maji ya udhu hayafai kumwagiwa mmea." Haya si ya mvua, lakini kiangazi hayaepukiki. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutawadhiwa ni tohara, ila hayatoharishi tena. Mkomamanga hautawadhi. Weka beseni chini ya bomba na uuteremshie.