Zabibu za mlimani: mstari unapita wapi?

Jumapili moja huku Nyegezi, sato akiwa kwenye mkaa, mjomba aliigeuza chupa ya mvinyo aliyoleta mgeni akasoma lebo: Howell Mountain, California. "Mwanangu, hawa wanalima juu kabisa, kwenye baridi ya Kilimanjaro." Tukabishana mpaka samaki akaungua upande mmoja.

Dhana: zabibu za mlimani zinalimwa juu sana kuliko tulipo sisi.

Mpaka wa Howell Mountain, eneo la zabibu linalotambuliwa rasmi na serikali ya Marekani, unaanzia futi 1,400 kutoka usawa wa bahari, yaani mita 427 hivi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134. Kwa hiyo yule sato, hata kabla hajavuliwa, alikuwa anaogelea juu kuliko mstari huo zaidi ya mara mbili. Dodoma nayo iko kwenye mita 1,100 hivi, na sijasikia mtu akiziita zabibu zake za mlimani.

Basi kwa nini 1,400? Sababu ni ukungu. Bahari ya pwani ya California ni ya baridi, na majira ya joto ukungu wake huingia usiku ukajaa mabondeni, kisha hutoka taratibu asubuhi. Fikiria Jiwe la Bismarck, lile lililochomoza ziwani hapa Mwanza: maji ndiyo ukungu, kichwa cha jiwe ndilo shamba. Mzabibu ulio juu ya ukungu unapigwa na jua tangu asubuhi, na usiku wake una joto zaidi kidogo kuliko bondeni, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, huteremka. Mstari umewekwa ili kutenga hali hiyo. Urefu wa mlima wenyewe si hoja.

Ndiyo maana Santa Cruz Mountains, eneo jingine la namna hiyo kusini mwa San Francisco, ina vimo viwili: upande wa bahari mpaka unashuka hadi futi 400, upande wa bara unakomea futi 800. Mjomba aliona huo ni ujanja ujanja.

Dhana: serikali hutuma wapimaji wakachora.

Marekani maombi ya eneo kutambuliwa huanza na yeyote, mara nyingi wakulima wenyewe. Waonyeshe kwamba jina hilo kweli linatumika kwa eneo hilo, na kwamba hali ya hewa, miamba, udongo au mwinuko wake unatofautiana na wa majirani. Kisha waueleze mpaka kwa maneno, wakifuata ramani rasmi za upimaji: anzia kilele fulani, fuata kontua (mstari wa ramani unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja) ya futi 400 mpaka inapokata barabara, shika barabara hadi kijito. Ofisi husika, iliyo chini ya Wizara ya Fedha, hutangaza pendekezo, watu wanatoa maoni au kupinga, ndipo iamue. Aliyewahi kukaa kwenye kesi ya shamba Usukumani, mzee akisema "kuanzia mnyaa ule, teremka na korongo mpaka kwenye mwamba", hatashangaa hata kidogo.

Mipaka ya kiutawala haiwabani. Santa Cruz Mountains imegusa kaunti tatu.

Dhana: aliye ndani ya mstari ana mvinyo bora.

Hapa ndipo wauzaji wanapotupata. Ofisi hiyohiyo inasema wazi kwamba kulitambua eneo si kuusifu mvinyo wake. Jina likiandikwa kwenye lebo, maana yake ni kwamba angalau asilimia 85 ya mvinyo huo imetokana na zabibu zilizolimwa ndani ya mpaka. Utamu haumo kwenye hesabu hiyo. Tena Howell Mountain yenyewe imo ndani ya Napa Valley, eneo kubwa zaidi lenye jina la bonde, kwa hiyo mkulima wa huko juu akitaka anaandika jina la bonde, akaacha la mlima.

Mjomba alisikiliza yote, akajimiminia iliyobaki, kisha akauliza kama na sato wetu anaruhusiwa kuandikwa "wa mlimani".