Fidia ya ardhi ni nini, na kwa nini uiulizie kwenye mapato na matumizi

Fidia ni malipo anayostahili mtu ambaye ardhi yake imetwaliwa kwa manufaa ya umma, iwe ni barabara, shule, zahanati au chanzo cha maji. Nasisitiza "anayostahili", maana huku kwetu bado kuna viongozi wanaoitangaza kana kwamba ni msaada. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila sheria inayoweka masharti ya kumlipa fidia inayostahili. Sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zikaongeza kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe haraka.

Kwenye "kamili" ndipo wengi wanapopunjwa. Mtu husema, "Nimelipwa nyumba na mazao," akaona yameisha. Kumbe ardhi yenyewe, hata ikiwa tupu, ina thamani yake kwa bei ya soko. Kanuni za 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi kwa aliyekuwa akiishi hapo (kodi ya pango ya miezi 36), na faida ya miezi 36 kwa aliyekuwa na biashara.

Nilikuwepo siku mthamini, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali, alipofika kwa shangazi yangu, Rungwe. Shangazi alisimamishwa mlangoni ameshika kibao chenye namba, akapigwa picha. Kisha yule kijana akaanza kuhesabu migomba, inayozaa na michanga, shangazi akimfuata nyuma hatua kwa hatua. Mparachichi wa nyuma ya choo ukarukwa. "Na huu je, baba?" Ukaandikwa. Fomu ilipoletwa isainiwe, sehemu ya thamani ya ardhi ilikuwa wazi. Tukaambiwa itajazwa ofisini. Shangazi akakataa kuweka dole gumba mpaka ijazwe, nami namshauri kila mtu afanye hivyo hivyo, na adai nakala.

Kwa waliojenga kando ya barabara kuu, kama ile inayokatiza Mbeya kutoka Uyole kwenda Mbalizi, swali la kwanza ni nani alimfuata mwenzake. Aliyefuatwa na barabara hulipwa. Aliyeifuata barabara ndani ya hifadhi, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, halipwi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na ndiyo maana kuna nyumba zilizopigwa X ya kijani na nyingine X nyekundu. Ya kijani ni ya mwenye kustahili fidia.

Sasa "haraka". Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini. Ikipita hapo, riba inaanza kuhesabika. Ikipita miaka 2, uthamini unakwisha nguvu na kazi inaanza upya. Riba hiyo, pamoja na gharama ya kumrudisha mthamini shambani, ni fedha ya umma. Kwa hiyo fidia iliyokawia inamuumiza mwenye shamba, na inamuumiza pia jirani yake ambaye hakuguswa kabisa, kwa sababu fedha hiyo ingeweza kununua madawati.

Anayetaka ardhi ndiye anayelipa. Ikiwa mradi ni wa halmashauri, fidia inatakiwa ionekane kwenye bajeti iliyopitishwa na baraza la madiwani kabla greda halijafika. Ikiwa ni wa kijiji, mahali pa kuuliza ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka uitishwe kila miezi mitatu. Na hapa niseme wazi: mkutano kupiga makofi kwamba zahanati ijengwe hakumfanyi mwenye shamba awe amejitolea. Kujitolea hutamkwa na mwenyewe, na kukaandikwa kwenye muhtasari.

Shangazi hajalipwa bado. Nakala yake anaiweka kwenye mfuko wa nailoni, na mkutanoni ikifika ajenda ya mapato na matumizi huitoa, akanyoosha mkono na kuuliza: fidia yetu imewekwa kwenye kifungu gani, na riba imefika kiasi gani?